Binti wa Bashir na Mbu Wasioambukiza

Bashir aliuza vipuri vya trekta mjini Kitale, jirani na msikiti. Alipoulizwa binti yake Bilan anafanya kazi gani ng'ambo, alijibu kwa mkato, "Ya hospitali." Angeanzaje kusema kwamba msichana aliyemsomesha mpaka chuo kikuu anafuga mbu?

Mwaka 2007 Bilan alirudi likizo, akaalikwa Bungoma kuzungumza na wakulima. Bashir alimpeleka kwa pikapu yake, akaketi nyuma kabisa ya ukumbi.

Bilan alieleza bila kuzungukazunguka. Yeye na wenzake walikuwa wameongeza jeni moja ndani ya mbu. Mbu huyo akimuuma panya mwenye malaria, vijidudu vya ugonjwa vinakwama tumboni mwake. Akimuuma panya mzima, hamwambukizi.

Mkulima wa Myanga aitwaye Wepukhulu akasimama. "Hiyo mbu yako itafika kwetu lini?"

"Sijui, baba. Bado wako maabara tu, na malaria ya panya si sawa na yetu. Huenda ikachukua miaka mingi."

Watu wakaguna. Mwanamke mmoja akasema, "Kwani umekuja mikono mitupu?"

"Nimekuja kuwaambia kwamba inawezekana," Bilan akajibu. "Zamani nilikuwa natumaini tu. Sasa nimeona kwa macho yangu."

Wepukhulu hakuketi. "Mimi nilizika watoto wawili," alisema polepole. "Tumemeza dawa, tumelala kwa neti. Leo ndiyo nasikia mtu anatibu mbu yenyewe." Akawageukia wenzake. "Huyu ni msichana wa nani?"

Bashir alijikuta amesimama, kofia mkononi. "Ni wangu. Mimi ni Bashir, wa vipuri pale Kitale."

Vichwa vyote viligeuka. Wepukhulu akapita katikati ya viti mpaka nyuma, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Umezaa, mzee," alisema.

Bashir aliitikia kwa kichwa.

Wakirudi, walipopita Kimilili, alisimamisha gari kando ya barabara, akanunua mahindi mawili ya kuchoma, moja akampa bintiye.

"Hebu nieleze tena," alisema. "Hapo kwa tumbo la mbu sikushika vizuri."

Bilan akacheka, akaanza upya. Bashir akazima injini ili asipitwe na neno.