Karabai ya Mama Dina

Betri ya sola ya kanisa ilikufa mwezi wa pili, na kuanzia hapo ibada ya Jumatano jioni ikarudi kwenye karabai ya zamani. Karabai hiyo ilikuwa mikononi mwa Elizabeti. Yeye ndiye aliyeijaza mafuta ya taa, akaipasha moto kwa spiriti, akaipiga pampu mpaka ikavuma. Nyumbani alikuwa Mama Dina, lakini wanakwaya walimwita Mama Karabai, na jina hilo alilipenda kuliko hata lile alilobatizwa nalo.

Jumatano moja, katikati ya wimbo wa pili, mwanga uligeuka njano, ukasinyaa, ukazimika. Elizabeti alipiga pampu. Mpini ulikwenda na kurudi bila kukutana na kitu.

“Taa imeokoka,” alisema Hosea, mwimbaji wa besi. “Imekataa mambo ya dunia!”

Watu wakacheka. Elizabeti hakucheka.

“Ni mafuta,” alisema. “Siku hizi wanayachanganya.”

“Shikamoo, mama.” Ritha alikuwa amesimama kando yake. Alikuwa ameolewa pale kijijini miezi mitano tu iliyopita, akitokea Sekenke, ambako baba yake alizitengeneza karabai za wachimbaji wadogo wa dhahabu tangu yeye akiwa mtoto. “Naomba niiangalie. Nasikia kama shida ni pampu.”

“Marahaba. Unasikia kwa masikio gani, bibi harusi? Taa hii nimeishika kabla mama yako hajabeba mimba yako.”

Mzee Alute, mzee wa kanisa, alikohoa. “Kesho saa kumi, jua likiwa bado lipo, Ritha aifungue. Na wewe, Mama Dina, uwepo.”

Elizabeti alirudi nyumbani, akapiga magoti kando ya kitanda kama ilivyokuwa desturi yake. Alianza kwa kushukuru, akawaombea wagonjwa, akaombea mvua. Kisha midomo yake ikasema, “Bwana, imshinde.” Alishtuka kulisikia ombi hilo. Hata hivyo hakulirudisha. Alisema amina, akalala.

Kesho yake Ritha alitandika kanga juu ya benchi la kanisa, akawa anakipanga kila kifaa kwa jinsi alivyokitoa, cha kwanza kushoto, cha mwisho kulia. Wanakwaya wachache walisogea kutazama. Elizabeti alisimama karibu kuliko wote, akiyavizia makosa.

Ritha alimimina mafuta kwenye glasi, akainyanyua kuelekea jua. Yalikuwa meupe, hayana maji wala uchafu. Elizabeti aliona kisingizio chake cha kwanza kinakufa. Ritha akapitisha sindano nyembamba kwenye tundu linalopuliza mafuta. Lilikuwa wazi. Kila alipopiga hatua moja, Elizabeti alitamani kifaa kimwanguke, kiviringike chini ya madhabahu, kisionekane tena. Vidole vya binti yule havikutetemeka hata mara moja.

Mwisho alivuta pampu. Kwenye ncha yake palikuwa na kipande cha ngozi kama kikombe kidogo, kile kinachosukuma hewa. Kilikuwa kigumu, kimeganda utomvu wa rangi ya asali. Ritha alikinusa.

“Alizeti,” alisema.

Elizabeti aliyajua mafuta hayo. Kila mwaka, alizeti ya shamba lake ikishakamuliwa, aliyatenga mafuta ya kwanza kuwa malimbuko. Aliyaombea, kisha akadondosha matone ndani ya pampu, kwa maana aliona si haki taa ya nyumba ya Mungu ilainishwe kwa mafuta ya mashine. Hakuwahi kumwambia mtu. Na kumbe miaka yote hiyo yalikuwa yakiganda mle ndani kama ukoko kwenye kikaango.

“Alizeti?” Mzee Alute aliwageukia wanakwaya. “Nani ametia alizeti humo?”

Ritha aliinua macho, yakakutana na ya Elizabeti. Akaelewa. Akayashusha upesi.

“Ngozi yenyewe imezeeka, mzee,” alisema. “Za zamani huwa hivi.”

Hapo ndipo wivu ulipomchoma Elizabeti kweli kweli. Mikono myepesi angeivumilia, na ujana pia, maana ujana hupita. Lakini na huruma nayo? Hata huruma binti huyu amzidi, tena mbele ya kanisa?

“Ni mimi,” alisema kwa sauti. “Ni alizeti ya malimbuko. Nimeitia mimi, miaka yote.”

Haikuwa toba. Alisema kwa sababu hakutaka kufunikwa kwa kanga ya Ritha.

Hakuna aliyecheka, hata Hosea. Ritha aliiosha ngozi kwa mafuta ya taa mpaka utomvu ukalainika, akaipaka mafuta ya cherehani, akazitanua kingo zake kwa kidole gumba. Akairudisha. Safari hii pampu ilikataa mkono, kama inavyotakiwa. Taa ikawaka nyeupe, ikavuma.

“Mama Karabai!” Hosea alimpigia Ritha makofi. Elizabeti naye alipiga, viganja vikauma.

“Basi taa ilale kwa Ritha,” alisema Mzee Alute kwa upole.

“Nitaibeba mimi mpaka kwake,” alijibu Elizabeti. “Hajui kishikio chake kinavyoteleza.”

Walipovuka mashamba ya uwele, Ritha alisema:

“Mama, alizeti haikuwa na ubaya. Ilikosea mahali tu.”

“Usinifariji.”

“Haya, mama.”

Mlangoni kwa Ritha, Elizabeti alimnyooshea taa lakini mkono wake haukuiachia. Ritha aliishika upande wa pili, hakuvuta. Alisubiri.

“Kesho utanionyesha,” alisema Elizabeti. “Lile la kidole gumba.”

“Nianzie kwenye ngozi?”

“Anzia mwanzo. Na nikikosea, usiung’ate ulimi, uniambie papo hapo. Sitaki unionee huruma.”

“Sitakuonea, mama.”

Elizabeti alimtazama usoni kuona kama anadanganya. Kisha akaachia kidole kimoja, na kingine, mpaka uzito wote ukahamia kwa Ritha.