Za Ndani Kila Mtu Ajifulie

Mbithe alipewa nyota moja siku ya Jumamosi, na kufika Jumatatu asubuhi hata soja wa geti alikuwa anajua.

"Simama hapo hapo, msichana," Mwau alimwambia, mkono juu kama anayesimamisha lori. "Simu inasema huingii."

"Simu gani?"

Mwau akamgeuzia simu aliyokabidhiwa na Ngigi, mwenye ploti. Uso wa Mbithe ulikuwa pale kwenye kioo, ile picha aliyopigwa ghafla akiwa amefumba jicho moja, na chini yake nyota moja ya manjano, nyingine zote tupu. Mwau alikuwa mtu wa kwao, wa kule Yatta, na kazi hii aliionea haya.

"Mtoto wa nyumbani, ingekuwa ni macho yangu peke yake ningeyafunga upite. Lakini hii kitu naulizwa kila jioni nimeingiza nani."

Mbithe aligeuka. Alirudi ukutani akaketi juu ya mtungi wake, katikati ya wanawake wengine waliokuwa wakingoja kuitwa wakafue.

Wanawake walikuwa wakiketi kwenye ukuta huo wa ghorofa za Kwa Ngigi, pale Gitothua, Ruiru, tangu ghorofa hizo zingali na harufu ya rangi. Utaratibu wao ulikuwa mwepesi. Aliyefika mbele aliitwa mbele. Mwenye nguo alichungulia dirishani akapiga mluzi, mkapatana bei kwenye ngazi, ukaingia. Ukifua vibaya, uliambiwa usoni. Naye mwenye nguo akiwa mbaya, yule anayekupa sabuni ya kulamba tu halafu anakuongezea zulia mkishapatana, habari zake zilifika ukutani kabla hujakausha mikono.

Kisha Lenny, kijana wa Ngigi, akamaliza chuo, akakaa nyumbani bila kazi mpaka kukaa kukamchosha, akatengeneza app. Sasa mpangaji alibonyeza simu, Lenny akachagua wa kwenda, na kazi ikiisha mpangaji akatoa nyota.

"Na sisi tunabonyeza wapi?" Wanja alikuwa ameuliza siku ile ya kupigwa picha. Wanja ndiye aliyekuwa mkubwa pale ukutani, kwa umri na kwa sauti.

Lenny alicheka mpaka akakohoa. "Mathe, nyinyi mnabonyeza nguo."

Hiyo Jumamosi, Mbithe alikuwa ametumwa kwa Madam Maggie wa ghorofa ya tatu. Maggie hakuwa mtu mbaya. Alikupa chai, alikupa sabuni ya kutosha, na hakukusimamia kichwani. Lakini Mbithe alipoanza kutenga nyeupe na za rangi, aliingiza mkono kwenye mguu wa suruali ya jinzi akashika kitu. Akakitoa, akakiangalia, akakiweka kando. Kwenye mfuko wa mto, uliofungwa fundo, akapata vingine. Vya Maggie, na vya bwana yake pia.

Sasa, kuna jambo ambalo kila anayefulia watu anajua na kila anayefuliwa anajua, na halijawahi kuandikwa popote kwa sababu halikuhitaji kuandikwa. Za ndani kila mtu ajifulie. Waweza kupewa blanketi lililokojolewa, waweza kupewa ovaroli la fundi wa magari, utafua. Za ndani ni za mwenye mwili wake.

Mbithe alifua kila kitu kingine, akapanda na beseni mpaka juu ya paa, akaanika, akarudi chini. Zile za ndani akazitia kwenye mfuko, akaufunga vizuri, akauning'iniza kwenye mlango wa bafu. Maggie aliporudi kutoka sokoni aliuona.

"Na hizi?"

"Hizo ni za ndani, madam."

"Najua ni za ndani. Kwani si nguo?"

"Ni nguo."

"Sasa?"

Mbithe aliangalia sakafu. Alikuwa mtu wa kuangalia sakafu; hata kanisani alichezesha midomo tu wenzake wakiimba. "Hizo huwa sifui," alisema.

Maggie alilipa, tena alilipa yote, hilo lisemwe. Lakini kabla Mbithe hajafika ghorofa ya chini, nyota ilikuwa imeshamtangulia.

Jumatatu hiyo, Lenny alitoka getini saa nne, na viatu vyake vyeupe, akichagua pa kukanyaga.

"Sasa Mbithe. Usijali, hii kitu ni rahisi. Unanirekodia sauti kidogo: samahani Madam Maggie, sitarudia. Naweka kwa group ya wapangaji, anakurudishia nyota. Dakika moja tu."

"Na zile nguo?"

"Si utafua tu? Kwa app hakuna kuchagua. Ukichagua, mteja anachagua mwingine." Alimwangalia, akaona hasemi. "Nakupea mpaka Jumamosi. Ukikataa hapo, natoa picha yako, na Mwau hakufungulii tena. Usione nina roho mbaya. Uchumi wa siku hizi ndio uko hivyo."

Alipoondoka, ukuta wote ukaanza kusema kwa pamoja.

"Kijana alivaa nepi hapa hapa tukimfulia! Leo anatufunza uchumi!"

"Na hao wa ghorofa. Mmoja amenunua mashine ya kufua, imekaa sebuleni imefunikwa kitambaa. Hana maji ya kutia!"

"Iko na kazi. Inabeba televisheni."

Walicheka, kisha mmoja akasema polepole, "Lakini Mbithe, si uombe tu msamaha. Unga umepanda, nyumba inataka pesa. Msamaha ni maneno."

Mbithe alimgeukia Wanja. "Mama, wewe za ndani unafua?"

Wanja akaanza kuchunguza kucha zake kana kwamba ni za mtu mwingine.

"Mama Wanja?"

"Nilianza juzi juzi," Wanja alisema. "Niliogopa hizo nyota."

"Haiya! Hata wewe?" aliruka aliyekaa mwisho. "Mimi nilidhani ni mimi peke yangu."

"Mimi pia nafua. Nafua nikiangalia dirisha."

"Ngai! Kumbe tumekuwa tukifichana?"

Hakuna aliyecheka tena. Mbithe aliwaangalia mmoja mmoja, wanawake wenye midomo ya kumtoa nyoka pangoni, na akaelewa kwamba yeye asiyesema ndiye peke yake aliyekuwa amesema.

Katikati ya wiki alikwenda Thika, Kiganjo, kumwona anti yake. Kaveke ndiye aliyemlea tangu alipoacha shule darasa la tano, na ndiye aliyemfundisha kufua: nyeupe kwanza, kola isuguliwe kabla ya kulowekwa, za ndani usiguse. Siku hizi vidole vyake vilikuwa vimevimba viungo, naye akawa akiuza sukuma wiki na nyanya kwenye kibanda. Mbithe alimkuta akikatakata sukuma na kugombana na redio.

Alimweleza yote. Alitarajia anti atapasuka kwa hasira. Kaveke aliendelea kukata.

"Omba msamaha," alisema.

"Anti! Si ni wewe ulinifunza?"

"Nilikufunza wakati wateja walikuwa wengi kuliko wafuaji. Siku hizi kila msichana aliyefutwa kiwandani anafua. Ukikataa wewe, kuna mwingine nyuma yako ameshakunja mikono. Funga pua, ufue, ulipwe."

"Si harufu, anti."

"Ni nini basi? Mikono yako imekuwa ya kanisa?"

Mbithe akaanza kupanga nyanya upya. Mteja alikuja, akanunua nyanya, akaenda. Kaveke akajua hiyo ni njia yake ya kusema, akamngoja.

"Mtu akikufichia hizo ndani ya suruali," Mbithe alisema hatimaye, "anajua ni aibu. Kama hangejua hangeficha. Anazificha kwa sababu anaona hapo hakuna mtu. Anaona ni mashine. Mashine ndiyo haiangalii imewekewa nini. Mimi niliangalia."

Kisu kilisimama.

"Sasa utakula nini?"

"Sijui."

"Sijui haipikwi." Lakini sauti ya Kaveke ilikuwa imelegea. Alifuta kisu kwenye leso, akaanza kucheka peke yake. "Sisi tukiwa wasichana tulifua Chania, mtoni, mchana kweupe. Watu walituletea nguo pale pale kwenye mawe. Thubutu mtu akufichie za ndani! Unakung'uta suruali, inaanguka, Thika nzima imeona. Mume wa mwalimu mmoja alihama."

"Mwongo, anti."

"Haki ya nani, alihama."

Mbithe alicheka mpaka akashika mbavu. Kwenye njia ya kurudi Ruiru alikuwa bado anawaza jambo lile, ila hakuwa anacheka tena.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na geti la Kwa Ngigi, palikuwa na kisima cha mzee Gachau, chenye pampu na tangi, alikouzia watu maji. Kando ya tangi palikuwa na sakafu ya saruji ambayo hakuna aliyeitumia, na nyuma yake migomba yake. Ijumaa jioni Mbithe alisimama mbele ya mzee mpaka mzee akachoka kungoja asalimiwe.

"Unataka maji ama unataka nini?"

"Nataka hapa pa saruji. Nifulie. Maji nitanunua kwako, na ya kusuuzia nitayaelekeza kwa migomba."

"Nani atakuletea nguo huku nje?"

"Sijui bado."

Gachau alimpima kwa macho. "Ukiwacha matope nakufukuza," alisema, na huko ndiko kulikuwa kukubali kwake.

Jumamosi ikafika, siku ya kufua, jua kali tangu asubuhi. Wanawake walikuwa wamejaa ukutani. Lenny alitoka na simu mkononi, skrini ikionyesha group ya wapangaji.

"Uko tayari? Bonyeza hapa, ushikilie, useme. Ukimaliza nitasikiza kwanza, halafu tutume."

Mbithe aliichukua. Wanawake wote waligeuka, na Mwau akatoka kwenye kibanda chake.  Mbithe aliangalia chini, akabonyeza.

"Naitwa Mbithe," alisema, na sauti yake ilikuwa nyembamba ila haikukatika. "Mimi ndiye wa nyota moja. Madam Maggie, nguo zako nilifua zote, na zilitakata. Za ndani sifui. Si zako peke yako, za mtu yeyote. Kwa hivyo msamaha sina. Kuanzia leo niko kwa Gachau, ng'ambo. Anayetaka kufuliwa, alete."

Akaachilia kidole. Sauti ikaruka ikaenda.

"Umetuma?" Lenny alimnyang'anya simu. "Nilisema nisikize kwanza! Wee, umetuma!"

"Ulisema nishikilie. Nimeachilia."

"Wameshasikia! Watu kumi na... Aki Mbithe! Sasa usiwahi ingia hapa tena. Umesikia?"

"Siingii," Mbithe alisema. "Nguo ndizo zitatoka."

Alichukua mtungi wake akavuka barabara.

Ni rahisi kusema. Kukaa ndiko kugumu. Alifunga kamba kutoka nguzo ya tangi mpaka mti wa mparachichi, akajaza beseni, akangoja. Ng'ambo, wenzake waliitwa mmoja mmoja wakaingia. Waliobaki hawakumwangalia. Jua likapanda. Mara mbili alisimama akakaza kamba ambayo ilikuwa imekaza. Alifikiria unga uliobaki nyumbani, akafikiria anti, akafikiria kwamba pengine kesho angerudi kwa geti kimya kimya, na wazo hilo likamkasirisha kuliko Lenny.

Wa kwanza alikuwa kijana wa ghorofa ya nne, mseja, na blanketi begani. "Ni wewe wa ile sauti?" aliuliza. "Hii haina za ndani. Ni blanketi tu." Akalitandaza lote mbele yake kuthibitisha, na Gachau akacheka kwenye pampu.

Wa pili akaja na mapazia. Halafu Wanja akatoka getini, mtungi mkononi, akavuka bila kuangalia magari, dereva wa lori akampigia honi na yeye akampigia kelele.

"Simu yangu imelia tangu asubuhi, Lenny akinituma," alisema, akiketi. "Nimeizima. Nisogezee hiyo sabuni. Na usiniangalie hivyo, nimekuja kufua, sijakuja kutubu."

"Sijasema kitu, mama."

"Hapo ndipo shida yako. Ukinyamaza unasema."

Walikuwa kwenye mapazia, mikono imejaa povu, Maggie alipotokea. Alikuwa na miwani ya jua na mfuko mkubwa wa nailoni, na alivuka barabara polepole, kama mtu anayetarajia kuitwa arudi. Wanja akaacha kusugua. Hata Mwau, ng'ambo, alisogea mbele ya geti aone vizuri.

"Habari yenu."

"Nzuri, madam."

"Yule mfuaji waliyenitumia juzi..." Maggie alianza, akakohoa. "Mashati ya mzee wangu, amekataa kuvaa. Anasema ya wiki iliyopita ndiyo yalikuwa mashati."

"Weka hapo," Mbithe alisema.

Maggie aliweka mfuko kwenye saruji. Mbithe alikausha mikono kwenye leso, akachukua nguo ya juu, shati, akalikung'uta mara moja hewani, likalia. Akaliweka upande wa nyeupe. Akachukua la pili, akalikung'uta. Watu wa maji walikuwa wamepanga mitungi yao foleni, na hakuna aliyekuwa na haraka. Nguo iliyofuata ilikuwa jinzi. Mbithe aliishika kiunoni, akaiinua juu.

"Ngoja!" Maggie aliruka, akaidaka. "Ngoja kidogo, ngoja."

Alitia mkono kwenye mguu wa suruali mpaka kwapani, akatoa kitu, akakisukuma kwenye mkoba wake. Akarudi kwenye mfuko, akafungua mfuko mmoja wa mto, na wa pili, akachokora chini kabisa, na mkoba ukafura mpaka zipu ikakataa kufunga. Wanja alikuwa ameinua uso anaangalia mbingu, kama anayetafuta dalili ya mvua.

Mbithe aliendelea kuishikilia jinzi ile kwa upande wake mmoja. Hakuangalia chini.

"Umemaliza, madam?"

"Nimemaliza."

Ndipo alipoikung'uta, ikatoa vumbi tu, na akaiweka kwenye beseni.