Siku Aliyonipa Munee

Tangu saa mbili na robo asubuhi Munee alijua kwamba mama yangu amekufa. Mimi nilijua saa kumi na moja jioni. Kati ya saa hizo alinitembeza Diani yote, akaninunulia samaki, akanipandisha ngamia. Naeleza mapema ili mtu asije akadhani nasimulia habari za matembezi.

Ilikuwa tarehe kumi na mbili Desemba, Siku ya Jamhuri, sikukuu yao Wakenya. Mimi ni mtu wa Tanga. Sikukuu ya kwetu, ya tarehe tisa, ilinipita siku tatu nyuma nimeinamia cherehani Msambweni, pwani ya Kenya, nashona sare za shule za Januari. Nilikuwa nimemwahidi mama kwamba siku hiyo ningevuka mpaka nikamwone, na sikwenda. Alisema haya, mwanangu, kazi ndiyo kazi. Halafu akarudia jambo alilokuwa akilirudia kila mara tangu aanze kukonda: "Nikifa, unioshe wewe. Sitaki mtu mwingine auone mwili wangu."

Mama alikuwa na haya kupita kiasi. Hospitali alikataa kuvua hata buibui, akarudi nyumbani na ugonjwa wake bila jina. Nilimwambia asijitabirie kifo, lakini nilimwahidi kwamba nitamwosha. Katika ahadi zote nilizowahi kutoa, hiyo ndiyo niliyokusudia kuitimiza.

Munee, mwanamke mwenzangu, ni Mkamba wa Kitui. Alikuja Msambweni miezi minane kabla ya siku ile kupika katika shule moja, tukawa tunapanga uwanja mmoja, mlango kwa mlango. Ugenini sikuwa na rafiki mwingine. Simu yangu ilikuwa kwa fundi, kioo kimepasuka, kwa hiyo ndugu yangu Waziri alipiga kwa Munee. Akamwambia, "Mama katutoka alfajiri. Usimwambie Twaiba. Mlete tu, atayajua akifika."

Ndivyo tufanyavyo sisi. Habari ya msiba haitupwi kwenye simu. Mtu huletwa kwanza mpaka nyumbani, ashikwe mikono, ndipo aambiwe. Waziri hakusema kwamba mazishi ni siku hiyo hiyo, kwa kuwa hakuwahi kuishi na mtu asiyelijua hilo. Kwetu maiti hacheleweshwi: ukifa alfajiri, ukichelewa sana utazikwa alasiri. Kwao Munee marehemu hukaa mochari wiki mbili, watu wafanye vikao, wachange, wachapishe picha zake. Miezi minane alisikia adhana kila alfajiri, na hakuwahi hata mara moja kuingia katika nyumba ya Waislamu yenye msiba. Mimi nami sikuwahi kumpeleka.

Akabisha mlango wangu akitabasamu.

"Leo hakuna cherehani," alisema. "Leo ni Jamhuri. Vaa vizuri, nakutoa."

"Unitoe wewe? Umeokota pesa wapi?"

"Wacha maswali, Twaiba. Wewe vaa tu."

Munee ana mkono wa birika. Kibiriti akikuazima atakifuata. Ningepaswa kushtuka pale pale, lakini nilifurahi, nikavaa lile gauni la zambarau nililojishonea Idi.

Msambweni iko katikati. Kusini ni mpakani, kaskazini ni Diani. Tukaenda kaskazini.

Diani ilijaa watu na bendera ndogo za karatasi. Tulisimama kuwatazama mbega wakivuka barabara juu ya ngazi za kamba walizofungiwa kwenye miti. Mmoja alikuwa na mtoto kifuani, mweupe pepepe, na mimi nikacheka kwamba huyo ni mtoto wa kuokota. Munee aligeuka akatazama maduka.

Saa sita alijitenga kupokea simu. Alikuwa Waziri, anauliza tuko wapi. Munee akajibu, "Tuko njiani," neno ambalo watu wa mjini hulisema wakiwa bado wanaoga. Kwa neno hilo Waziri aliwasihi wazee wasimswalie mama adhuhuri, wangoje alasiri, binti yake yuko njiani. Maji ya kumwoshea yalipashwa moto mara tatu. Mara ya tatu wakaacha kuningoja.

Saa hiyo mimi nilikuwa juu ya ngamia. Munee alinipiga picha na nimeiona: nimeshika kilemba kisipeperushwe na upepo, meno yote nje.

Kisha akaninunulia samaki changu, mzima, wa kukaanga. Nikamtania, "Ukiendelea hivi nitadhani nakufa mimi." Aliacha kula. Akasema pilipili imemwingia machoni.

Saa kumi na moja tulikaa mchangani. Akanishika mkono.

"Twaiba, pole. Brother yako alipiga asubuhi. Mama aliaga."

Sikulia. Nilimtazama mdomo tu, unavyokwenda.

"Nilikuwa form two baba alipokufa," akaendelea. "Waliniita ofisini katikati ya mtihani, wakaniambia hapo nimesimama. Nilitamani wangeniacha nimalize ile siku. Nikaona wewe nikupe siku moja ya mwisho ya kuwa na mama. Kesho asubuhi tunaenda. Nimeomba ruhusa, tutakaa huko mpaka mazishi."

"Munee," nikasema, "nipe simu."

Waziri alipokea kabla haijaita mara ya pili.

"Mmefika wapi?"

"Mimi Twaiba. Niko Diani."

"Diani? Dada, tumeshamzika. Tumetoka makaburini sasa hivi. Niliwazuia watu mpaka nikashindwa. Tulijua mko njiani."

"Nani kamwosha?"

"Bi Hasina. Niliwaambia mama hakutaka kuonekana, akakubali kuingia peke yake."

Nilimpiga Munee kofi mbele ya watoto wa watu na bendera zao. Hakujikinga. Aliuliza tu, "Kwani leo? Wamezika leo?" na nilipoona kwamba kweli hajui, uchungu wangu ulizidi, maana mtu asiyejua, hata kumchukia sawasawa huwezi. Nilimchukia hivyo hivyo.

Asubuhi alinifuata bila kuitwa, amebeba mfuko wangu. Kutoka Lunga Lunga, pale mpakani, hadi Tanga hatukusemezana.

Bi Hasina nilimkuta amekaa kwenye mkeka, mwanamke wa makamo, mwosha maiti wa mtaani, kazi yake ya siku zote ni vitumbua. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia, akanisogezea nafasi. Nikamwinamia sikioni.

"Alikuwaje, Bi Hasina? Alikuwa na uvimbe? Kidonda? Alikuwa akinificha nini?"

"Mshukuru Mungu, mwanangu. Ameondoka safi."

"Nakuuliza mwili wake."

"Niliyoyaona chini ya shuka nimeyaacha kule kule. Mwosha hasemi."

"Mimi ni mwanawe."

"Najua. Ungekuwapo ungeyaona kwa macho yako, na mtu angekuuliza nawe ungenyamaza."

Hakusema kwa ubaya. Aliniwekea mkono mgongoni akanipapasa, na mkono wenyewe ulikuwa laini. Hapo ndipo nilipolia. Munee, aliyekuwa amesimama mlangoni na mfuko, naye akalia, wanawake wakampisha akae.

Dini inamwagiza Bi Hasina anyamaze, na hakuna mwenye haki ya kumlazimisha, hata mimi. Mama alitaka mtu mmoja tu auone mwili wake, na akampata. Mtu huyo anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Kila niendapo Tanga hunikaribisha vitumbua, nami humwuliza hali ya wajukuu wake, basi.