Siku Walipotaifisha Jiko Langu

Mimi sijawahi kufika Uingereza. Theophil hajafika, Liévin hajafika. Lakini tangu wabunge wa Uingereza waitwe kutoka likizo ya Pasaka, wakakutana Jumamosi ili serikali yao ishike usukani wa kiwanda cha chuma kinachomilikiwa na kampuni ya Kichina, mgahawa wangu haukupata amani. Ungedhani kila mmoja wao ana shangazi anayeishi jirani na tanuru la kiwanda hicho.

Mgahawa wenyewe uko huku China, Xiaobei, mtaa wa wafanyabiashara wa Kiafrika, ghorofa ya tatu, juu ya maajenti wa mizigo. Napika ugali, maharage, samaki, na mchicha wa Kichina ambao nimeufundisha adabu. Zamani watu walikula wamesimama. Siku hizi wengi wanaagiza mizigo kwa simu wakiwa hukohuko nyumbani, na meza zangu zinashinda zikitazamana.

Walionibakia kila siku ni hao wawili. Theophil ni wa Mwanza, ananunua jinzi Zhanqian Road. Liévin ni wa Lubumbashi, ananunua spika na simu. Wakikaa tu, chuma cha Waingereza kinapakuliwa kabla ya ugali.

"Tanuru la chuma si jiko la mkaa, ndugu yangu," Theophil alikuwa akisema. "Likipoa mara moja, kilichomo kinaganda, basi tena. Ndiyo maana wale walikimbilia bungeni Jumamosi. Moto ule haungojei Jumatatu! Serikali isipookoa kiwanda, ina kazi gani?"

"Mi nasema hapana!" Liévin naye. "Leta ikiingia mu kiwanda, kiwanda inakufa. Baba yangu alitumika mu shaba ya Leta. Cheminée, ile bomba ya moshi, tuliiona kila asubuhi, mshahara hatukuiona. Waiache ikufe na heshima yake."

Leta ndiyo serikali katika Kiswahili cha kwao, na yeye huitaja kwa sauti ya mtu aliyeibiwa kuku.

"Na baba yangu je?" Theophil akapiga meza. "Kiwanda chake cha nguo kiliuzwa kwa mwekezaji. Mwekezaji akang'oa mashine, akaziuza chuma chakavu. Mzee alikuwa akitoka kanisani Jumapili anapitia pale getini kuchungulia."

"Na wewe unawapelekea watu wa Mwanza jinzi za Zhanqian," nikamwambia. "Kiwanda hicho kikifufuka leo, wa kwanza kukizika ni wewe."

Akaomba pilipili.

Sasa, asubuhi ya siku ninayoisimulia, Laoban Kuang alikuwa amepanda kuniona. Laoban ni bosi kwa Kichina, na huyu ndiye mwenye jengo. Alitazama meza zangu, akasema, "Mei ren," yaani watu hakuna. Mwisho wa mwezi chumba anampa kijana wa chai ya maziwa. Sikumbishia, ningesema nini? Nilipika na moyo umenivimba, na wale wawili walipofika wakaanza tena tanuru, tanuru, nikatua upawa.

"Jumapili nafunga," nikasema. "Laoban anataka chumba chake. Narudi Bukoba."

Nilitegemea mmoja aseme, dada, usiende. Neno dogo tu. Badala yake Theophil akainua kidole.

"Haiwezekani. Huu mgahawa ni sekta nyeti. Kuanzia sasa umetaifishwa."

"Non!" Liévin akaruka. "Itafutiwe mwekezaji!"

Hasira zikanipanda mpaka utosini. Nikavua aproni, nikaitupa mezani. "Haya, tawaleni. Maharage yako motoni, hayajaiva. Saa sita watu wanakula. Mimi leo ni mwananchi." Nikaenda kukaa meza ya dirishani, nikakunja mikono.

Theophil akavaa aproni, akawa waziri. Jambo la kwanza la serikali yake lilikuwa hotuba. Liévin akawa mpinzani na mwekezaji kwa pamoja, akaingia jikoni, akaona gesi inawaka, akasema matumizi yapunguzwe, akazima. Theophil akawasha. Liévin akazima tena, akidai moto hauwashwi bila mpango waliokubaliana wote. Basi wakaitisha kikao cha kujadili moto, na moto wenyewe umezimwa. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini matumbo hayakualikwa kikaoni.

Walipokuja kufunua sufuria, maharage yalikuwa yamepoa na kunywa maji yote. Waziri akayamwagia jagi la maji baridi ya bomba. Jamani! Kwetu kila anayeshika mwiko anajua kwamba maharage yakikatishwa moto nusu njia, kisha yakapewa maji baridi, yanasusa. Utayachemsha mpaka Krismasi.

"Theophil," nikaita kutoka dirishani, "tanuru likipoa inakuwaje?"

Akaitazama sufuria. "Kilichomo kinaganda," akajibu polepole.

Hata hivyo hawakukata tamaa. Theophil akawasha gesi tena, akasonga ugali kwa mikono miwili, macho kayafumba kwa mvuke, na mpinzani wake akampiga picha akairusha kwenye kikundi cha WeChat: waziri yuko kazini. Basi ikawa habari ya Xiaobei nzima. Saa sita ngazi zilijaa. Wakaja Watanzania, wakaja Wakongo, wakaja Wakenya ambao sikuwaona tangu Corona. Waliokosa viti wakakalia marobota ya nguo ya maajenti wa chini. Maharage yalilia menoni kama changarawe, na watu walikula wakicheka hadi machozi.

"Mheshimiwa," mmoja akauliza, "haya mabonge ya ugali nayo ni mali ya umma?"

Kelele zikamleta Laoban Kuang. Akasimama mlangoni akiwashangaa watu wote wale. Akachukua kijiko, akaonja maharage, akatafuna kwa muda mrefu, kisha akalitema moja kiganjani na kuligeuzageuza. Akaniuliza kuna nini. Kwa Kichina changu cha sokoni nikamweleza: hawa wawili wanagombania kiwanda cha chuma cha Uingereza, na leo wamelichukua jiko langu ili waliokoe.

Nilidhani atacheka. Akasema yeye ujanani alikuwa fundi katika kiwanda cha serikali cha cherehani. Asubuhi moja wakakuta lango limefungwa. "Hakuna aliyetugombania," akasema. "Hakuna hata aliyekuja kutucheka."

Nikawatafsiria wenzangu, na vicheko vikapungua.

Laoban akawanyooshea kidole Theophil na Liévin. "Buyao," akasema. Yaani sitaki: hao wawili wasiguse jiko. Kisha akanigeukia mimi: nibaki na chumba mpaka Mwaka Mpya wao wa Kichina, ila nipike mwenyewe.

Watu wakapiga makofi.

"Makofi ya nini?" nikasema. "Mmetaifisha, mmebinafsisha, mmekaa vikao. Nani kaniuliza kama nataka kubaki?"

Theophil akavua aproni, akaikunja, akanipa kwa mikono miwili, heshima ya hukuhuku China. "Usiende, dada Kalista," akasema. "Uliposema unafunga, nilimwona mzee wangu pale getini. Nikaanza kuropoka."

"Maman," Liévin akaongeza, macho chini, "ukienda, mimi na huyu tutabishania wapi?"

Nililia, sifichi. Kisha nikavaa aproni, nikayamwaga yale maharage na kuchagua mengine.

"Wizara ya vyombo iko kwenye sinki," nikawaambia.

Wakaenda. Hata bomba halijafunguliwa, wakaanza kubishana nani aoshe na nani afute, na kama hiyo ni kazi ya serikali au ya mtu binafsi. Sikuwaamua. Niliwasha gesi, nikateleka sufuria, na nikasimama palepale kuulinda moto.