Machicha ya Kizimba cha Dirishani

Haya nimeambiwa na mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa kwanza, Jumamosi hii iliyopita mchana, viatu kavua na miguu kaiweka juu ya stuli yangu.

Kazi yake ni ya maabara, huko chuoni. Anachemsha majani ya mti fulani, anayachuja, na maji yake anawapa panya weupe wenye kisukari, aone kama yatalinda figo na utumbo. Panya wengine, wagonjwa vilevile, wanapewa maji matupu ili wafananishwe na wale. Miezi mitatu hiyo, na ikiharibika, cheti hakuna.

Zimebaki wiki mbili, akapima mikojo. Panya wanne wa maji matupu, wa kizimba cha dirishani, mkojo wao mzuri karibu sawa na wa wale wa dawa! Akachungulia kizimbani: kinyesi cha kijani.

Akamwita mzee anayesafisha vizimba, wenyewe wanamwita Babu Panya.

"Babu, hawa wamekula nini?"

"Machicha ya majani yako, daktari. Yale unayotupa ndooni."

"Babu! Hawa hawatakiwi kupewa kitu!"

"Wenzao wanakunywa dawa, wao watazamwe tu mpaka wafe? Roho hiyo mimi sina. Na nimewapa hawa wanne tu, ndio walikuwa hoi."

"Umenimaliza."

"Nimekumaliza vipi, na panya wamepata nafuu?"

Akaenda kwa mwalimu wake, akasema yote. Babu Panya nyuma yake, ufagio mkononi, akaeleza siku aliyoanza na kiasi alichotoa: konzi moja kila asubuhi. Mwalimu akacheka mpaka akavua miwani. Wale wanne watolewe, akasema, waliobaki wanatosha. Na machicha yajaribiwe peke yake, kwa panya wapya.

Juzi kamaliza. Panya wa dawa wamewashinda wa maji matupu, figo na utumbo. Cheti anapata.

"Basi niletee na mimi hayo majani," nikamwambia, maana sukari ninayo mwaka wa tisa huu.

"Bibi, kwani wewe ni panya? Meza vidonge vyako. Haya bado sana."

"Na yule mzee kafukuzwa?"

"Afukuzwe wapi! Sasa ndiye anayepima machicha kwenye mizani, na tukichelewa anatugombeza kama..."

Kama nani, hakusema. Nilipogeuka, kichwa kimelala begani, mdomo wazi, anakoroma.