Chai ya Wageni wa Bibi

Mimi ni dobi wa hospitali. Kwa miaka kumi na sita nimekuwa nikipokea mashuka ya wodi zote, nayafungua, naangalia yaliyomo, nayatia kwenye mashine. Damu, usaha, matapishi, na mengine nisiyoyataja maana huenda unasoma ukiwa mezani. Nikitoka hapo nakula chakula changu cha mchana bila shida. Kwa hiyo nikisema kuna watu walionitia kinyaa, naomba uniamini. Kinyaa nakijua.

Watu wenyewe walikuwa wageni wa bibi yangu.

Bibi alimzaa baba yangu, na baba alipofariki akanilea mimi. Nyumba yake ilikuwa na vyumba vitatu. Kimoja alilala yeye na shangazi, kimoja tulibanana wajukuu wanne, na cha tatu, kilichokuwa kikubwa kuliko vyote na chenye dirisha la kupitisha upepo, kilikuwa cha wageni. Humo kulikuwa na kitanda cha chuma, shuka jeupe lililopigwa pasi mpaka kwenye pindo, taulo iliyokunjwa mara tatu, na glasi ya maji iliyofunikwa kwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe. Ole wako ukalie kile kitanda! Hata kama hapakuwa na mgeni mwezi mzima, kila Jumamosi shuka lilifuliwa upya.

"Bibi, si safi hilo?" nilimuuliza siku moja, mikono imenichubuka.

"Malaika hawaandiki barua kabla ya kuja," alinijibu. "Suuza tena, mke mwenzangu."

Ndivyo alivyoniita, mke mwenzangu, kwa utani wa bibi na mjukuu, hasa alipotaka kunipa kazi.

Malaika sikuwahi kuwaona. Niliowaona mimi ni wahubiri wenye njaa, wanakwaya waliomaliza sabuni yote, na wauza vitabu vya nyimbo waliokuja kupumzika kidogo wakaondoka baada ya wiki. Bibi alisali alfajiri, akawasha moto, akaoka mkate, akapika wali na maharage, na siku ya Jumapili nyama. Wageni walijipakulia kwanza. Sisi tulikula mchuzi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini nyumbani kwetu hilo jembe halikupata kuonekana.

Mkubwa wao alikuwa mzee mmoja wa kanisa tuliyempa jina la Amina Mara Tatu, kwa sababu sahani ikiwekwa mezani alisema "amina, amina, amina" hata kabla hatujaomba. Paa la nyumba yake lilipoezuliwa na upepo, alikuja kwa bibi kwa siku chache. Alikaa miezi kumi na moja. Alikata kucha za miguu sebuleni. Alitoa kipande cha nyama mdomoni, akakitazama, akakirudisha kwenye bakuli la wote. Bibi alikuwa akimwongezea mchuzi na kutabasamu, nami nilikuwa nikimwangalia bibi na kujiambia: mwanamke huyu amejaliwa moyo ambao mimi sina.

Kisha bibi akapata kiharusi.

Upande wa kulia ulikufa kabisa. Tulimlaza chumba cha wageni, kwa kuwa ndicho kilichokuwa na hewa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulala kwenye kile kitanda. Shangazi alimhudumia asubuhi, mimi nikitoka kazini nilimpokea. Tulimgeuza kila baada ya saa mbili, lakini mwili wa mzee ni kama karatasi iliyolowa. Mwezi wa tatu mgongo ulichanika, kidonda kikachimbika, na harufu ikaanza. Sitaipamba. Ilikuwa harufu ya nyama iliyosahauliwa. Ilikaa kwenye mapazia, ikatungojea mlangoni.

Jumapili moja baada ya ibada walikuja watu saba, Amina Mara Tatu akiwa mbele. Bibi alisikia sauti zao, jicho lake moja likang'aa.

"Chai," aliniambia. Maneno yalimtoka nusu nusu, ila hilo lilitoka zima. "Vikombe vya maua."

Niliwapelekea chai sebuleni, vikombe saba vya maua, na mkate alioukanda shangazi. Hakuna aliyenyoosha mkono. Mama mmoja wa kwaya alikishika kikombe chake, akanusa hewa, akakirudisha mezani taratibu kama mtu anayeweka chini chura. Amina Mara Tatu alifika mpaka kwenye kizingiti cha chumba. Hakuvuka. Alikuwa ameziba pua kwa leso iliyolowekwa marashi, na sala aliyoiomba ilikuwa fupi kuliko ile ya kubariki chakula.

"Chai, baba," nilimwambia alipogeuka.

"Asante mwanangu, nimefunga."

"Umefunga?"

"Kwa ajili ya bibi yako."

Nilitoka nyuma yake kwenda dukani kununua pamba. Nilimkuta hapo kwenye kona, amesimama na soda mkononi na mkate umemjaa shavuni. Aliniona. Akatafuna haraka, akameza, akaangalia juu kana kwamba anatafuta mvua. Nilitema mate kwa kinyaa pale barabarani. Mimi, ambaye asubuhi yake nilikuwa nimefua mashuka ya wodi ya kuhara!

Niliporudi, wageni wote walikuwa wameshaondoka, na bibi alikuwa ananingoja.

"Wamekunywa?"

Vikombe vilikuwa vimejaa, na utando umeshatanda juu.

"Wamekunywa, bibi. Wamekusifu."

Nikarudi sebuleni nikavinywa vyote saba, chai baridi yenye utando, kimoja baada ya kingine, kisha nikavipitisha mbele ya mlango wake juu ya sinia, vitupu, ili avione. Alitabasamu kwa nusu ya uso.

Tukaendelea hivyo miezi mitano. Wageni walipungua, wakawa watatu, wakawa wawili, lakini kila aliyefika alipewa chai, na kila chai niliinywa mimi. Wengine walijifanya na haraka. Mmoja alimwaga yake kwenye chungu cha maua nikiwa namtazama. Nilikuwa nikiwasikia wakiteremka ngazi, "Masikini, yule mama alikuwa msafi jamani," halafu wanacheka jambo jingine kabisa. Niliwachukia kwa namna ambayo sikupata kumchukia mtu.

Na niseme ukweli wote. Kuna siku mimi mwenyewe nilikaa chooni dakika ishirini kabla ya kuingia kumsafisha, si kwa haja yoyote, ila kwa sababu sikutaka. Mashuka ya wagonjwa nisiowajua hayakunishinda. Ya bibi yangu yalinishinda. Hilo nalo lilinichefua, pengine kuliko mkate wa yule mzee.

Alasiri moja nilikuwa nambadilisha bandeji. Nilikuwa nimebana pumzi, kama kawaida. Akasema, polepole, neno kwa neno:

"Chai ya wageni wote unakunywa wewe."

Niliiacha bandeji ikining'inia.

"Utapata vidonda vya tumbo," akaongeza.

"Bibi, ulijua?"

"Watu saba hawanywi chai kimya kimya."

Nililia kwa hasira. Nikayatoa yote, leso ya marashi, soda ya dukani, chungu cha maua. Nikamwambia wale watu ni takataka, walimla miaka arobaini na sasa wanamnusa kama mzoga. "Uliwapenda bure, bibi. Bure kabisa!"

"Nani kakwambia niliwapenda?"

Nilidhani kiharusi kinasema badala yake. Lakini jicho lake lilikuwa kali, la Jumamosi za kufua.

"Yule mzee alikuwa anapenga kamasi kwenye kitambaa changu cha meza. Miezi kumi na moja. Nilikuwa nakwenda nyuma ya nyumba natapika, ndipo namletea chakula. Unadhani hii pua yangu ni pambo?"

Alipumzika kidogo, nikamfuta mate, akaendelea. Ilichukua muda mrefu na vipande vingi. Kabla hajampata baba yangu alikuwa na mtoto mwingine, ambaye sikuwahi kusikia habari zake. Mtoto alishikwa na ugonjwa wa kuhara wakiwa safarini. Bibi alibisha hodi nyumba baada ya nyumba akiwa naye mgongoni, wote wawili wamechafuka, na watu walimwangalia dirishani kisha wakashusha pazia. Mwanamke mmoja alifungua.

"Alikuwa ameziba pua," bibi alisema. "Nilimwona. Alikuwa amekunja uso hivi. Lakini alifungua. Akaleta maji ya moto."

"Na mtoto?"

"Alikufa. Alikufa kwenye shuka safi."

Nilimaliza bandeji. Siku hiyo sikubana pumzi. Si kwamba harufu ilikuwa imepungua. Nilivuta, nikakohoa, machozi yakanitoka, na yeye akanitazama tu, hakuomba radhi, nami sikuomba.

Alifariki majuma matatu baadaye, mchana, shangazi akimsomea zaburi. Mazishi yalijaa mpaka barabarani. Ilipofika ibada ya kumbukumbu, mwaka ulipotimia, mbao za ua zilivunjwa ili watu waenee, na Amina Mara Tatu ndiye aliyesimama kusimulia maisha ya marehemu. Alisema mlango wa mama yetu haukufungwa, na kwamba yeye ni shahidi, alikula kwake kama mwana. Sauti ilimkatika vizuri kabisa. Watu walipangusa macho. Kisha akakaa, akapakuliwa, akala mara mbili, na mafuta yakamtiririka mpaka kwenye kifundo cha mkono, akayalamba.

Alinikuta jikoni akitafuta nyama zaidi.

"Baba," nilimuuliza, "siku ile ulikuwa umefunga kweli?"

Alijua ni siku ipi. Alitazama mlangoni kama kuna mtu anatusikia.

"Ile harufu, mwanangu," alisema. "Sikuweza."

"Hata mimi sikuweza. Lakini chai ilikuwa sebuleni."

Alinyoosha sahani yake, labda kwa mazoea tu, au hakujua afanye nini na mkono. Sufuria ilikuwa mbele yangu, imejaa. Bibi angempakulia, angetabasamu, angekwenda nyuma ya nyumba. Niliufikiria mwiko wake wa kupakulia. Nikafunika sufuria.

"Imekwisha," nikamwambia.

Alitoka, mzee na sahani yake tupu. Shangazi, aliyekuwa akisuuza vyombo, alinitazama kwa jicho la lawama.

"Mama asingefanya hivyo," alisema.

"Najua, shangazi."

Akavua aproni, akapakua nyama kwenye bakuli, akamfuata nayo nje. Mimi nilibaki na vyombo.