Kopo Lililokosa Kiazi

Nisikilizeni kabla hamjanihukumu: katika duka letu kiazi kilikuwa sheria. Kopo la mafuta ya taa lilikuja na mdomo wake mrefu umezibwa kwa kiazi kidogo, maana vifuniko vya makopo yale hupotea wiki ya kwanza tu. Kopo la petroli ya motokaa lilizibwa kwa tambara. Jumamosi wateja waliyaacha yote kwenye kibaraza cha nyuma, wakaingia mbele kununua sabuni na sukari, nami nikayajaza kwa kuangalia mdomo. Kiazi, pipa la kushoto. Tambara, pipa la kulia. Miaka mitano sikukosea hata mara moja, na nilikuwa nikijisifu kwa hilo.

Mume wangu Aslak ndiye aliyeleta hilo pipa la kulia. Duka la baba yake lilikuwa la nyuzi, tambi za taa na dawa ya kung'arishia majiko. Yeye akaongeza viraka vya matairi, miwani ya vumbi, mikebe ya grisi, na nta moja aliyodai inang'arisha motokaa na kinanda sawasawa. Iliharibu kinanda cha mchungaji. Wiki ile alikuwa mjini Saint Paul akitazama bidhaa nyingine za namna hiyo, akaniachia duka peke yangu. Ilikuwa Aprili 1917, na viazi vilikuwa vimepanda bei mpaka watu wakawa wanavifungia kabatini.

Jumamosi ya wiki ile, saa tisa na nusu alasiri, aliingia Gudrun Tveit kununua petroli, miwani yake ya kuendeshea bado iko usoni. Gudrun alikuwa mwanamke pekee wa kijiji chetu cha Vestby aliyeendesha motokaa, na ulimi wake ulikuwa na kasi kuliko hiyo motokaa.

"Mwenzangu," akasema, "umesikia ya Signe Haugen? Kapanda viazi vyake vyote. Vyote! Hadi kile cha kwenye mdomo wa kopo lake la mafuta. Kakikata vipande vitatu, kakifukia shambani."

"Huyo ni mkono wa birika tangu tumboni mwa mama yake," nikasema. Tulicheka mpaka nikashika kaunta.

"Sasa kopo kaliziba kwa tambara la shati la mumewe!"

Niliacha kucheka.

"Kaliziba kwa nini?"

"Tambara. Una nini wewe? Mbona umekuwa mweupe kama unga?"

Asubuhi ile nilijaza makopo manne yenye matambara. Wenye motokaa waliokuja walikuwa watatu. Galoni nzima ya petroli ilikuwa imekwenda kwa Signe, na Signe hana motokaa. Ana mashine ya kuangulia vifaranga, ya mayai mia mbili, iko kwenye chumba cha chini ya nyumba yake, nayo hupashwa joto na taa ambayo haizimwi kwa siku ishirini na moja. Kila mtu anajua kwamba taa haijazwi ikiwaka. Na kila mwenye mashine ya mayai huijaza ikiwaka, maana akiizima mayai yanapoa. Mafuta ya taa humvumilia. Petroli ingemlipua yeye na nyumba yake, na Halvor mumewe alikuwa kitandani na mguu uliovunjika. Signe mwenyewe alishaniambia kwamba huijaza taa ile kabla ya kahawa ya saa kumi, na kwamba tangu mafua ya Februari hanusi kitu, hata kitunguu kikiungua.

Nikairukia simu ya ukutani. Tulikuwa nyumba kumi na moja kwenye waya mmoja, kila nyumba na mlio wake. Wa Signe ulikuwa miwili mirefu na mmoja mfupi. Nilipoinua kisikilizio nikamkuta mama Oline na dada yake wanajadili bawasiri ya shemeji yao.

"Tokeni kwenye waya!"

"Nani huyo? Ragna? Tunaongea, mama. Subiri zamu yako."

"Signe atalipuka! Tokeni!"

Nilikosea kusema vile. Nilipopiga mlio wa Signe, nilisikia visikilizio vinainuliwa nyumba baada ya nyumba, kacha, kacha, kacha. Na wadukuzi wakizidi kwenye waya, umeme hupungua nguvu hadi kengele ya mbali isilie kabisa. Nyumba ya Signe ndiyo iliyokuwa ya mwisho.

"Wekeni chini simu zenu!" nikapiga kelele. "Bertha, nasikia kasuku wako. Weka chini!"

"Mimi sipo," akasema Bertha.

Nikapiga tena, na tena. Hakuna aliyejibu. Gudrun alikuwa ameshatoka, nikamsikia huko nje anapiga hendeli kuiwasha motokaa, nikamkimbilia.

Kwa Haugen ni maili nne, na theluji ilikuwa imetoka kuyeyuka, barabara ni tope tupu. Sikuwahi kupanda motokaa ile. Niliushika mlango kwa mikono miwili nikaomba kwa sauti, nikamwahidi Mungu mambo ambayo sitayaandika hapa. Chini ya kilima cha Haugen injini ikakohoa, ikazimika.

"Nini tena?"

"Petroli," Gudrun akasema. "Nilikuja kununua petroli, shoga. Hukuniuzia."

"Imekwisha?"

"Ipo kidogo. Lakini tangi liko chini ya makalio yangu na injini iko kule mbele. Tukipanda kilima pua juu, petroli haifiki. Shuka unisaidie kuigeuza. Tutapanda kinyumenyume."

Tukaigeuza, tope hadi magotini, akapiga hendeli, tukaanza kukipanda kilima matako mbele. Gudrun alijipinda shingo kutazama njia. Mimi niliona tulikotoka tu, kanisa na ghala la nafaka vikienda mbali polepole, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Nyumba ya Signe ilikuwa mgongoni kwangu. Ningeweza kugeuka, lakini sikuthubutu. Niliogopa kuona moshi.

"Unaona moshi?"

"Naona mtaro. Niache nisitumbukie."

"Gudrun, tazama paa!"

"Paa lipo, mama, paa lipo! Nyamaza!"

Nakiri kwamba wakati ule nilimchukia Signe kwa ubahili wake. Kisha nikamchukia Aslak na pipa lake. Kujichukia mwenyewe nilikumbuka tulipofika kileleni.

Niliruka kabla motokaa haijasimama. Jikoni hapakuwa na mtu. Birika la kahawa lilikuwa motoni, na saa ya ukutani ilionyesha dakika nne kabla ya saa kumi. Mlango wa kushukia chumba cha chini ulikuwa wazi. Nikashuka ngazi mbili, ndipo nikamwona.

Signe alikuwa amepiga magoti mbele ya mashine. Taa inawaka. Kifuniko cha taa kilikuwa mkononi mwake wa kushoto, na mkono wa kulia ulikuwa umeshika kopo, mdomo wake mrefu umeshaanza kuinama.

Njia nzima nilikuwa nikipiga kelele. Sasa ukelele ulikuwa tayari mdomoni nikaumeza. Angeshtuka tu, mkono ungeruka, na petroli ingemwagika juu ya moto.

"Hujambo, Signe," nikasema taratibu, kama mtu anayepita tu.

"Ragna? Sijambo. Ngoja nimalize hii."

"Naomba kahawa."

Kwetu kahawa haiombwi. Mgeni hukaribishwa akakataa, akakaribishwa tena akasema usijisumbue, na mara ya tatu ndipo hukubali nusu kikombe, kisha anywe vinne. Mtu mzima kuingia nyumba ya watu akaomba kahawa kwa mdomo wake, sikuwahi kuona. Hata wazururaji wa reli huomba maji.

Signe akageuka.

"Unaomba nini?"

"Kahawa. Kikombe kizima. Na keki, kama ipo."

Akaliweka kopo sakafuni, polepole, ili anitazame vizuri.

"Ragna," akasema, "umefiwa?"

Sijui nilizishukaje zile ngazi nyingine. Nililinyakua kopo, nikalisogeza ukutani, nikarudi kuteremsha utambi, taa ikazimika. Nikakaa sakafuni karibu na kopo, nikalia kama mtoto.

"Mayai yangu!" Signe akapiga kelele. "Leo siku ya kumi na tisa! Una wazimu?"

"Ni petroli," nikasema. "Humo ni petroli. Mimi ndiye niliyekujazia."

Alitazama kopo. Akatazama taa, halafu dari, na juu ya dari ile ndipo alipolala Halvor. Kisha akavua shali yake, akaifunika mashine, akavua na aproni akaifunika juu ya shali, akizibana pembe zote vizuri ili joto lisitoke. Gudrun alikuwa amefika mlangoni, akavua miwani yake.

"Hukuuliza ni la nani?" Signe akasema, bila kunigeukia.

"Niliona tambara, Signe. Tambara ni la motokaa. Kila mtu anajua."

"Leo asubuhi nilikuletea ratili tatu za siagi nibadilishe na sukari. Ukaikata katikati kwa kisu, mbele ya watu. Ukainusa. Ukaikata tena upande mwingine, ukainusa tena. Kila Jumamosi, miaka kumi na miwili, unatafuta nimekuibia wapi." Akainama, akalichukua kopo kutoka kando yangu, akalibeba kwa mikono miwili mbali na kifua chake. "Na kopo langu hukuuliza hata ni la nani."

Akapanda nalo ngazi, hatua moja moja, asije akalimwaga.